NYUMBA YA WAGENI KATIKA KIJIJI CHA UINGEREZA

Haya ndiyo maneno ya hotuba iliyosomwa na mfasiri mmoja wa Serikali mbele ya mkutano wa wazee, walimu na wenye maduka. Tumeyachapa kama yalivyosemwa, kwa kuwa wasomaji wetu wengi, wa mashamba na wa mijini, wana nyumba za chai au za kulaza wasafiri, na jambo hili lawahusu.



Kazi yangu, kama wengi wenu mjuavyo, ni kufasiri maneno. Kila siku huletewa barua na taarifa za Kiingereza, nami sina budi kuzitia katika Kiswahili ambacho mtu wa Kitui au wa Kakamega ataweza kukisoma bila ya kukuna kichwa. Maneno mengi hukubali kuhama. Mengine hukataa, na moja katika hayo yanayokataa ni neno dogo la herufi tatu tu, nalo ni inn.

Kamusi husema kuwa maana yake ni nyumba ya wageni. Lakini kwetu nyumba ya wageni ni mahali pa kulala tu. Mtu hulipa, hupewa ufunguo, na asubuhi huenda zake. Hoteli, katika lugha ya masoko yetu, ni mahali pa chai na maandazi. Baa ni mahali pa bia. Klabu ni ya wanachama wake. Musafirkhana ya Pwani humpokea msafiri, lakini hapana pombe ndani yake. Basi hiyo inn ya kijiji cha Kiingereza ni nyumba moja yenye mambo hayo karibu yote pamoja: chakula, bia, moto wa kuota, vyumba vichache vya kulala, na meza ambayo wanakijiji huzungumza habari zao. Na tena, nyumba hiyo kwa desturi huwa ni maskani ya jamaa moja. Bwana, bibi na watoto wao hukaa humo humo, mara nyingi ghorofani, na wageni huwa chini.

Lakini sikuja hapa kwa ajili ya kamusi peke yake. Nimekuja kwa ajili ya swali la babu yangu, Mungu amrehemu. Katika miaka ya ukoloni babu alikuwa dereva, akiwaendesha mabwana katika safari zao. Usiku mmoja wa mvua aliwafikisha kwenye nyumba ya wageni huko nyanda za juu. Mabwana wakaingia ndani, wakawashiwa moto, wakaletewa supu. Babu akalala ndani ya gari, miguu yake ikiwa imelowa, maana nyumba ile haikumpokea Mwafrika. Alipotusimulia habari hii hakuwa na hasira. Aliuliza tu, "Nyumba ya wageni inayomkataa mgeni, ni ya wageni gani?"

Swali hilo nimekaa nalo muda mrefu. Nikaenda kutazama nyumba hizo zilianzaje kwao wenyewe, na sheria yao yasemaje juu ya mgeni afikaye mlangoni. Niliyoyaona ndiyo nitakayowaelezeni leo.

Hapo kale, wasafiri wengi wa Uingereza walikuwa ni watu waendao kuzuru makaburi ya watakatifu. Watawa waliwapokea katika nyumba zao, kwa kuwa kumpokea mgeni kulihesabiwa ni wajibu wa dini. Wasafiri walipozidi, watawa walijenga nyumba kando ya kuta zao. Mojawapo ingali imesimama hata leo katika mji mdogo wa Glastonbury, na ilijengwa katika karne ya 15 kwa ajili ya wageni wa nyumba ya watawa ya pale. Mshairi wao mkubwa, Chaucer, alipotunga hadithi zake za mahujaji waendao Canterbury, aliwakutanisha wote katika nyumba ya wageni iitwayo Tabard, huko Southwark, ng'ambo ya mto wa London. Askari, mtawa, msaga nafaka, mfanyi biashara na mjane walikaa chini ya dari moja, na mwenye nyumba ndiye aliyewaongoza katika mazungumzo. Hivyo utaona kwamba tangu zamani hizo nyumba ya wageni ilijulikana kuwa ni mahali ambapo watu wasiokutana kwingineko hukutana.

Huko vijijini palikuwa na nyumba ndogo zaidi. Mama wa nyumba alipika pombe ya shayiri kwa ajili ya jamaa yake, na iliyobaki akaiuza. Kazi ya kupika pombe ilikuwa ya wanawake kwa miaka mingi, kama ilivyokuwa katika makabila yetu mengi. Wajane kadha wa kadha waliwalea watoto wao kwa kazi hiyo.

Mwaka 1393, katika enzi ya Mfalme Richard wa Pili, waliouza pombe katika London walilazimishwa kutundika alama nje ya nyumba zao, ili wakaguzi wapate kuzijua. Watu wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo alama zilikuwa ni picha. Ndiyo sababu mpaka leo nyumba hizo huitwa Simba Mwekundu, au Paa Mweupe, ambaye alikuwa ni alama ya mfalme yule yule Richard. Nyingine huitwa Mwaloni wa Mfalme, kwa kukumbuka jinsi Mfalme Charles wa Pili alivyojificha juu ya mti wa mwaloni mwaka 1651, baada ya kushindwa vitani Worcester. Mtoto wa kijiji aliyaona mambo ya kale ya nchi yake katika kibao cha mlangoni, hata kabla hajaingia chuoni.

Sasa nataka kuwaeleza juu ya sheria, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Mwaka 1552 ilitoka sheria kwamba mtu hawezi kuuza pombe ila kwa idhini ya mahakimu wa mahali pale, na hapana budi atoe dhamana kwamba nyumba yake haitakuwa na ghasia. Hakimu alitaka kujua tabia ya mwombaji. Ikiwa nyumba yake ilikuwa pango la wezi na wacheza kamari, aliweza kunyang'anywa ruhusa. Kwa hiyo nyumba ilikuwa mali yake, lakini mwenendo wake ulikuwa ni jambo la watu wote.

Tena palikuwa na sheria ya mapokeo, ya zamani zaidi, iliyomhusu yule anayelaza wasafiri. Sheria hiyo ilimpa wajibu miwili. Wajibu wa kwanza: msafiri akifika, akiwa na fedha ya kulipa na hana ulevi wala vurugu, na nafasi ikiwapo, mwenye nyumba sharti ampokee. Hawezi kusema, "Sipendi sura yako." Wajibu wa pili: vitu vya mgeni vikiibiwa ndani ya nyumba, mwenye nyumba huwajibika kuvilipa, hata kama si yeye aliyeiba. Waamuzi walikwisha yaeleza hayo waziwazi katika kesi ya mwaka 1584.

Mtaniuliza, mbona sheria ilikuwa kali hivyo? Sababu ni rahisi kuifahamu. Barabara za siku hizo zilikuwa na wanyang'anyi, na usiku ulikuwa na baridi ya kuua. Mtu aliyefungiwa mlango jioni aliweza kukutwa asubuhi amekufa shimoni. Na mwenye nyumba mwovu aliweza kupatana na wezi, akawaambia ni mgeni gani mwenye mfuko mzito. Kwa hiyo sheria ilimwambia: wewe umetundika kibao na kuwaalika watu wote, basi usichague, na uwalinde.

Nyumba hizo zilistawi sana wakati wa magari ya farasi. Tarehe 2 Agosti 1784 gari la kwanza la barua lilitoka Bristol kwenda London, likafika kwa muda wa saa 16. Farasi walibadilishwa njiani kila baada ya maili chache, na mahali pa kuwabadilisha palikuwa ni kwenye nyumba ya wageni. Hapo palikuwa na mabanda ya farasi, wachungaji wake, wapishi, watandika vitanda na mfua vyuma. Gari likipiga baragumu, kijiji kizima kilitoka kusikiliza habari za mjini. Kisha reli zikaja, katika miaka ya 1830 na 1840, na wasafiri wakaiacha barabara. Nyumba nyingi kubwa zilikufa. Zilizobaki vijijini ziliwategemea wanakijiji wenyewe, na hivyo zikawa mahali pa mkutano wa kijiji kuliko mahali pa wasafiri.

Na mikutano hiyo haikuwa ya kunywa tu. Kijiji kidogo kilikuwa na kanisa na nyumba ya wageni, na pengine hakikuwa na chumba kingine kikubwa. Mtu akifa kwa ajali, uchunguzi wa kifo chake ulifanywa katika nyumba ya wageni, na maiti mara nyingine ililazwa katika banda la farasi ili wazee wa baraza waitazame. Desturi hiyo ilikuwa ya kawaida mpaka sheria ya mwaka 1902 ilipoamuru kwamba, pakiwapo mahali pengine panapofaa, uchunguzi usifanywe katika nyumba ya pombe. Kodi za mashamba zililipwa pale. Minada ya ng'ombe na ya ardhi ilifanywa pale.

Hapo tena ndipo vilipokutana vyama vya kusaidiana, ambavyo ni ndugu wa vyama vyetu vya kuzikana. Kila mwezi vibarua wa mashamba walileta senti zao, na mmoja wao akiugua au akifa, chama kilimpa yeye au mjane wake fedha. Fedha zilitiwa katika kasha lenye kufuli tatu, na funguo zikashikwa na watu watatu mbalimbali, ili asiweze mmoja kulifungua peke yake. Kasha lenyewe mara nyingi liliwekwa kwa mwenye nyumba ya wageni. Bunge lilivitambua vyama hivyo kwa sheria ya mwaka 1793. Basi maskini wasio na benki walijifunza kuweka akiba, kuandika hesabu na kuchagua viongozi wao kwa kura, na shule yao ilikuwa ni meza ya nyumba ya wageni.

Lakini nisije nikawa kama mchuuzi anayeonyesha upande mzuri wa kitambaa peke yake. Nyumba hizo zilileta msiba pia. Mwaka 1830 Bunge lilipitisha sheria ya bia, na kila mlipa kodi ya nyumba aliweza kuuza bia kwa kulipa gini 2 tu, yaani shilingi 42. Maelfu kwa maelfu ya nyumba mpya zikafunguliwa. Mabwana wengine waliwalipa vibarua mshahara wao ndani ya nyumba ya pombe siku ya Jumamosi, na kibarua akarudi kwake usiku hana kitu, mkewe na watoto wakimngoja na sufuria tupu. Ubaya huo ulikatazwa kwa sheria ya mwaka 1883. Nao watu wenyewe hawakukaa kimya. Katika mji wa Preston, mwaka 1832, mchuuzi wa jibini aitwaye Joseph Livesey na wenzake sita walitia sahihi zao kwamba wataacha pombe kabisa, na kutoka hapo mwendo huo ukaenea nchi nzima. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza, kuanzia mwaka 1915, Serikali ilipunguza saa za kuuza pombe ili wafanyi kazi wa viwandani wasilewe, na desturi ya kufunga saa za alasiri haikuondoshwa mpaka mwaka 1988.

Ninayasema haya kwa kuwa wako wazee hapa ambao wameona pombe ikivunja nyumba za watu, nami sitaki wadhani kuwa nasifu ulevi. Ninachosifu ni mlango ulio wazi na meza ya watu wote.

Basi turudi kwenye swali la babu yangu. Je, mlango ule ulikuwa wazi kweli kwa watu wote?

Mwaka 1943, katikati ya Vita Kuu ya pili, alikuwako Uingereza Bwana Learie Constantine, mtu mweusi wa kisiwa cha Trinidad, mchezaji hodari sana wa kriketi ambaye jina lake lilijulikana na kila mtoto wa shule. Alikuwa akifanya kazi katika Wizara ya Kazi, akiwaangalia wafanyi kazi waliotoka West Indies. Mwezi wa Julai alikwenda London kucheza kriketi, naye alikuwa amekwisha weka nafasi katika hoteli iitwayo Imperial, yeye na mkewe na binti yake, kwa siku nne. Walipofika waliambiwa kwamba wanaweza kulala usiku mmoja tu, kwa sababu wageni Wamarekani weupe wasingependa kukaa na watu weusi. Akahamia hoteli nyingine, lakini hakuliacha jambo lile. Akaenda kortini.

Siku zile hapakuwa na sheria katika Uingereza iliyokataza ubaguzi wa rangi. Mawakili wake walishika nini? Walishika ile sheria ya kale niliyoitaja: kwamba mwenye nyumba ya wageni sharti ampokee msafiri. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya watu waendao kwa miguu katika matope na giza ndiyo iliyosimama kumtetea mtu mweusi katikati ya London. Mwezi wa Juni 1944 Jaji Birkett akahukumu kwamba hoteli ilivunja wajibu wake. Fidia aliyopewa ilikuwa gini 5, yaani shilingi 105. Ni fedha kidogo, lakini hukumu ilisomwa katika magazeti nchi nzima. Bwana Constantine baadaye, mwaka 1969, akawa mtu mweusi wa kwanza kupewa kiti cha maisha katika Baraza la Malodi.

Kisa cha pili chatoka kijijini. Karibu na mji ule ule wa Preston pana kijiji kiitwacho Bamber Bridge, na katika kijiji hicho iko nyumba ya zamani iliyoezekwa kwa nyasi, iitwayo Hob Inn. Mwaka 1943 kikosi cha askari weusi wa Marekani, madereva wa malori, kilikaa pale. Jeshi la Marekani wakati ule lilikuwa likiwatenga askari weusi na weupe. Amri ya kukomesha utengano huo haikutoka mpaka mwaka 1948. Yasimuliwa pale mpaka leo kwamba wakubwa wa jeshi walitaka nyumba za pombe za kijiji ziwatenge askari hao, na wenye nyumba wakajibu kwa kutundika vibao vilivyosema kwamba nyumba zao ni za askari weusi tu.

Usiku wa tarehe 24 Juni 1943 askari hao walikuwa wakinywa pamoja na wanakijiji katika Hob Inn. Polisi wa jeshi, waliokuwa weupe, wakaja kumkamata mmoja kwa kosa dogo la mavazi. Wanakijiji wakawatetea wageni wao. Ugomvi ukakua, ukaendelea njiani na kambini, na bunduki zikalia. Askari mmoja mweusi, William Crossland, aliuawa. Askari wengi weusi walihukumiwa kwa uasi. Ni habari ya kuhuzunisha. Lakini nataka mtazame walivyofanya watu wa kijiji kile. Hawakuwa wanasheria wala wanasiasa. Walikuwa wamekaa meza moja na wageni wao, wakajua majina yao na habari za mama zao, na walipoona wanaonewa hawakuweza kugeuza uso. Meza ilikuwa imewafundisha.

Hata hivyo msidhani kuwa vijiji na miji yote ilikuwa hivyo. Sheria ya kale ilimhusu yule anayelaza wasafiri. Haikumfunga mwenye baa ya bia tu. Kwa hiyo baada ya vita, watu wa West Indies, wa Uhindi na wa Afrika waliohamia Uingereza walikataliwa katika baa nyingi, au waliambiwa wakae chumba cha nyuma. Ilikuwa lazima ingojwe sheria ya mwaka 1965, iliyokataza ubaguzi wa rangi katika hoteli, baa, mikahawa na mahali pengine pa watu wote. Na hapa kwetu, wazee mnakumbuka kuliko mimi, hoteli nyingi za miaka ya ukoloni zilikuwa za Wazungu peke yao, ijapokuwa waliozijenga walitoka katika nchi yenye sheria ile ya kale. Walileta kibao, wakaacha wajibu nyumbani. Hilo, nafikiri, ndilo jibu la swali la babu: nyumba inayomkataa mgeni kwa sura yake imejiita tu jina ambalo si lake.

Sasa nisemeje juu ya hali ya nyumba hizo siku hizi? Nyingi zinafungwa. Mwaka 2000 zilikuwako kiasi cha 60,000 katika Uingereza nzima na nchi jirani zake za ufalme ule. Mwaka 2022 zilikuwa zimebaki kiasi cha 46,000. Sababu ni nyingi. Kwa muda mrefu nyumba nyingi zimekuwa si mali ya jamaa anayeziendesha, bali ni za kiwanda cha bia. Jamaa hulipa kodi na hulazimika kununua bia ya kiwanda kile kwa bei ile wanayotajiwa. Mwaka 1989 Serikali iliviamuru viwanda vikubwa vipunguze milki yao. Lakini nyumba nyingi zilinunuliwa na makampuni makubwa mengine, na mpangaji akabaki mpangaji. Tena sheria ya mwaka 1967 ya kuwapima madereva pombe, ambayo ni sheria njema, iliwapunguza wateja waliotoka mbali. Mwaka 2007 uvutaji wa sigara ndani ya nyumba hizo ulikatazwa. Bia ya dukani ni rahisi kuliko ya mezani. Na ardhi ya kijiji imepanda bei, hata mwenye nyumba hupata fedha nyingi zaidi akiiuza igeuzwe kuwa makao ya tajiri wa mjini.

Nyumba ikifungwa, watu wa kijiji hupoteza kitu kisichoandikwa katika hesabu. Mzee mjane aliyekuwa akitoka kila jioni kwa saa moja, sasa hukaa peke yake. Mgeni aliyehamia kijijini hana mahali pa kujulikana. Mkulima na mwalimu huonana barabarani tu, kila mmoja ndani ya motokaa yake.

Lakini katika vijiji vingine watu hawakukubali. Katika kaskazini, mkoa wa Cumbria, kipo kijiji kidogo chini ya milima, kiitwacho Hesket Newmarket. Nyumba yao huitwa Old Crown, maana yake Taji la Zamani, na nyuma yake kuna ghala lililogeuzwa kiwanda kidogo cha bia. Ilipoonekana kwamba nyumba ingeweza kuangukia mikononi mwa mtu asiyewajali, watu zaidi ya 100 walitoa fedha zao, wakaunda chama cha ushirika, na mwaka 2003 wakainunua. Inajulikana kuwa ndiyo nyumba ya kwanza ya namna hiyo kumilikiwa na chama cha ushirika katika Uingereza. Tangu hapo vijiji zaidi ya 100 vimefuata mfano huo.

Mwaka 2001 lilianzishwa shirika lenye kuzisaidia nyumba hizo kufanya kazi nyingine za kijiji: kuwa na posta pembeni, duka la mkate na maziwa, au rafu ya vitabu vya kuazima. Mwaka 2011 ikatoka sheria inayoruhusu wanakijiji kuiandikisha nyumba kuwa ni mali yenye manufaa kwa watu wote. Mwenyewe akitaka kuiuza, wanakijiji wanaweza kupewa muda wa miezi sita wa kutafuta fedha. Halazimishwi kuwauzia wao, lakini hawezi kuiuza gizani. Na tangu mwaka 2017, katika Uingereza penyewe, hapana ruhusa ya kuivunja au kuigeuza nyumba hiyo bila kuomba kibali kwanza.

Mabibi na mabwana, haya yatufaa nini sisi? Sikuja kuwaambia mjenge nyumba za Kiingereza. Sisi tunazo zetu. Tuna baraza mbele ya nyumba za Pwani, ambapo mpita njia huketi akapewa kahawa. Tuna mti wa mkutano. Tuna hoteli ndogo kando ya barabara, yenye mabati na benchi mbili, ambayo mama huamka saa kumi ya usiku kuwasha moto ili dereva, mchuuzi na mtoto wa shule wapate chai. Tunazipita kila siku bila kuzihesabu kuwa ni kitu.

Wenye hoteli mlioko hapa, nawaomba mambo matatu. Kwanza, asikatazwe mtu kwa kabila lake, wala kwa viatu vyake, wala kwa lugha aliyoomba chai. Mkikataa ulevi na vurugu mtakuwa mmefanya haki. Mkikataa sura mtakuwa mmerudia kosa lililomlaza babu yangu garini. Pili, mgeni akiwaachia mzigo, ulindeni kama mali yenu, kwani jina la nyumba hukaa katika mzigo wa mgeni. Tatu, wekeni meza moja kubwa ambayo mtu aliye peke yake ataweza kuketi bila ya kuona haya.

Na ninyi wengine, ambao si wenye hoteli, nawakumbusha kufuli tatu za kasha lile. Kitu chenye manufaa kwa watu wote hakilindwi na mtu mmoja. Mama wa hoteli akiugua na watoto wake hawana uwezo, au mwenye kiwanja akitaka kumtoa ili ajenge ghala, msingoje mpaka mlango ufungwe ndipo mseme, "Tulikuwa tukikutana pale." Watu wa Hesket Newmarket hawakungoja.

Ama lile neno la Kiingereza, bado sijapata neno moja la kulifasiri. Safari ijayo nikiletewa nitaandika nyumba ya wageni, kama kamusi isemavyo. Lakini nitakapoliandika nitamkumbuka mzee mmoja katika mvua, nami nitajua ni maana gani ninayoidai.